Mchuzi mzito wa nyama ya ng'ombe katika jiko la Toronto

Kwa nini nyama ya bei kubwa hukauka ndani ya sufuria, ilhali kipande kigumu cha bei nafuu hulainika na kuufanya mchuzi kuwa mzito?

Makala haya yanautazama upishi wa mchuzi mzito wa nyama ya ng'ombe mjini Toronto, nchini Kanada. Katika miezi ya baridi kali ya mji huo, sufuria moja ya mchuzi inaweza kuilisha familia kwa siku mbili au tatu. Hata hivyo, mpishi aliyetoka Afrika Mashariki anaweza kununua nyama ya bei ya juu, akaichemsha kwa saa mbili, na kuishia na vipande vikavu vinavyoelea katika mchuzi mwepesi. Fedha zimekwenda, na chakula hakiliki. Mara nyingi kasoro haimo katika viungo, bali katika kipande cha nyama kilichochaguliwa.

Viungo havikosekani Toronto. Mwezi Agosti mwaka 1972 Rais Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka nchini humo, na maelfu yao walipokewa na Kanada. Wasomali wengi walifuata miaka ya mwishoni mwa 1980 na miaka ya 1990, wakaishi hasa katika eneo la Dixon Road, kaskazini-magharibi mwa mji. Kwa hiyo bizari nyembamba, iliki, karafuu na mdalasini vinapatikana madukani bila taabu. Tatizo li katika bucha.

Ng'ombe wengi wa nyama nchini Kanada hunenepeshwa kwa nafaka na kuchinjwa kabla ya kutimiza umri wa miezi 30. Zebu wa Afrika Mashariki hutembea masafa marefu kutafuta malisho, na mara nyingi huchinjwa akiwa na umri mkubwa zaidi. Nyama yake ni ngumu karibu mwili mzima. Mpishi aliyezoea nyama hiyo huona kuchemsha kwa muda mrefu ni dawa ya kila kipande. Lakini steki ya mgongoni inayouzwa Toronto ni laini tangu mwanzo, nayo hufaa kuchomwa kwa dakika chache tu. Ikichemshwa kwa saa mbili, hukamuka maji yake na kubaki nyuzi kavu.

Nyama ya bega na ya muundi ni kinyume chake. Misuli hiyo humbeba mnyama na kumtembeza, hivyo imejaa kano na utando wenye protini iitwayo kolajeni. Ikipikwa polepole katika maji moto, kolajeni hugeuka kuwa jelatini, ute uleule unaoigandisha supu ya makongoro inapopoa. Jelatini huilainisha nyama na kuupa mchuzi uzito bila kuongeza unga. Basi mpishi amwombe muuza nyama bega au muundi, awe yuko katika soko la St. Lawrence, lililoanzishwa mwaka 1803, au katika bucha ya halali mtaani Thorncliffe Park. Akumbuke kwamba bei hutangazwa mara nyingi kwa pauni, na pauni moja ni gramu 454.

Kwa watu sita inatosha kilo moja ya nyama, iliyokatwa vipande vya sentimita tatu hadi nne. Vipande vikaushwe kwa kitambaa safi au karatasi ya jikoni, kisha vikaangwe kwa mafuta kidogo katika sufuria yenye kitako kizito, vichache kwa wakati mmoja. Sufuria ikijazwa, nyama hutoa maji na kuchemka badala ya kugeuka rangi. Wengi huamini kwamba kukaanga huziba maji ya nyama yasitoke, sivyo. Faida yake ni ladha, kwa sababu protini na sukari za nyama huungana katika joto kali na kuleta rangi ya kahawia na harufu nzuri. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza jambo hilo mwaka 1912.

Nyama ikishatolewa, vitunguu maji viwili vikaangwe katika mafuta hayohayo hadi vilainike, kisha vifuatiwe na kitunguu saumu, tangawizi, bizari nyembamba na pilipili manga. Wakati wa baridi nyanya za kopo hufaa kuliko nyanya mbichi zilizosafirishwa kutoka mbali, kwani huvunwa zikiwa zimeiva. Kopo kubwa la Kanada lina mililita 796. Nyanya zikwangue kitako cha sufuria kwa mwiko, kisha nyama irudishwe pamoja na vikombe viwili vya maji ya moto na chumvi.

Mchuzi ukianza kuchemka, moto upunguzwe hadi mapovu yawe machache. Jiko la umeme la koili huchelewa kupoa, kwa hiyo lipunguzwe mapema kidogo. Mwenyeji wa Nairobi azingatie jambo jingine: mji wake uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko kwenye nyuzijoto 94 hivi. Toronto, kando ya Ziwa Ontario, maji huchemka karibu na nyuzijoto 100, na nyama huiva mapema zaidi. Bega huhitaji saa mbili hivi, na muundi huchukua muda mrefu zaidi. Viazi na karoti vitiwe dakika 40 za mwisho. Visitiwe kabla, vikapondeka, wala visicheleweshwe, maana uchachu wa nyanya huchelewesha viazi kuiva.

Lipo pia suala la usalama. Desturi ya kuacha sufuria jikoni usiku kucha na kuichemsha tena asubuhi ni ya hatari katika nyumba zinazopashwa joto. Chembe sugu za bakteria aitwaye Clostridium perfringens hustahimili mchemko, kisha huzaana mchuzi unapopoa polepole. Mchuzi ugawanywe katika vyombo vifupi na uingizwe katika jokofu kabla ya saa mbili kupita. Siku ya pili, ukipashwa moto hadi uchemke vizuri, aghalabu huwa mtamu kuliko siku ya kwanza.

Anayekwenda bucha na fedha chache asione haya kuchagua kipande chenye kano: kwa mchuzi, hicho ndicho bora.