Sura Zinazofifia Katika Kanda ya Harusi

Ndugu msomaji, huenda katika kabati la sebuleni kwenu, nyuma ya vikombe vya wageni, imo kanda nyeusi ya video iliyobandikwa karatasi yenye majina ya maarusi na mwaka. Yawezekana ni mwaka 2002, au 2005. Kamera iliyotumika siku ile ilikuwa ya dijitali, ndogo ya kuenea kiganjani, na mwenye kamera aliwaonyesha jamaa, katika kioo chake kidogo, picha safi ya kupendeza. Lakini kanda ilipoletwa nyumbani na kutiwa katika deki, mambo yalikuwa mengine. Nyuso zilikuwa na ukungu. Rangi nyekundu ya vitenge ilikuwa imevuka mpaka wa nguo na kumwagikia pembeni. Na wazee waliokaa nyuma walikuwa wamegeuka vivuli vyenye chenga. Wengi walimlaumu mpiga picha. Yafaa ieleweke kwamba mara nyingi picha haikuharibikia mikononi mwake wakati wa kupiga, bali iliharibika wakati wa kuihamisha kutoka kanda moja hadi nyingine.

Tuchukue mfano wa Kasanda, huko nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, katika Wilaya ya Kakonko, ambayo hadi mwaka 2012 ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Kibondo. Tuseme familia moja ya huko iliozesha binti mwaka 2003, ikamwita mpiga picha kutoka mjini na kuazima jenereta. Bibi mzaa baba akasimama, akamuusia mjukuu wake kwa Kiha, maneno ya dakika tatu au nne. Bibi huyo amekwisha fariki. Hakuna picha yake nyingine inayotembea na kusema isipokuwa ile iliyomo katika kanda. Kwa familia ya namna hiyo, swali la picha kufifia si la mafundi peke yao.

Kwa nini basi picha safi ya dijitali ilitiwa katika kanda ya zamani? Sababu ni nyepesi: deki ndiyo iliyokuwamo majumbani. Mtindo wa kanda za VHS ulianza Japani mwaka 1976, kazi ya kampuni ya JVC. Zanzibar ilikuwa na televisheni yake tangu miaka ya 1970, lakini Bara hapakuwa na kituo mpaka mwaka 1994. Kwa hiyo wananchi wa Bara waliokuwa na uwezo walizoea kutazama kanda kabla ya kuzoea kutazama kituo chochote. Kanda ndogo za dijitali, ziitwazo DV, zilitoka mwaka 1995, nazo zilifika kwetu mikononi mwa wapiga picha, si sebuleni. Mwenye harusi alitaka kitu atakachokitazama na jirani zake. Kanda ndogo isingeingia katika deki yake. Ikabidi dijitali ishuke ngazi.

Sasa tutazame kilichotokea pale iliposhuka. Kamera ya dijitali huandika picha kwa nambari. Katika mfumo wa PAL, ambao ndio tuliokuwa tukiutumia, kila picha ina mistari 576 kutoka juu hadi chini, na kila mstari umegawanywa kuwa nukta 720. Kila nukta hupewa nambari ya mwanga wake, na rangi nayo huandikwa kwa nambari, ingawa si kwa kila nukta. Nambari ina sifa moja kubwa. Ukiambiwa kwamba gunia lina vibaba 57 vya maharage, nawe ukamwambia mwingine 57, naye akamwambia wa tatu, huyo wa tatu anayo 57 ileile, hata kama njiani iliandikwa kwa mwandiko mbovu, maadamu inasomeka.

Kanda ya VHS haiandiki nambari. Huchora mawimbi ya usumaku juu ya utepe wenye upana wa milimita 12.7, mawimbi yanayopanda na kushuka kwa kufuata mwanga wa picha. Hapo hakuna 57. Kuna umbo tu, na umbo hilo hupata mikwaruzo yake. Waliopata kufanya kazi ofisini enzi za taipureta watakumbuka karatasi za kaboni: nakala ya kwanza yasomeka vizuri, ya pili imefifia, ya nne ni ya kukisia. Ndivyo ilivyo.

Aidha, upo upungufu wa pili, nao ni mkubwa hata katika nakala ya kwanza. Ingawa mistari ya juu hadi chini hubaki ileile, uwezo wa kutofautisha vitu vidogo kwa upana hushuka sana: kanda ya DV hufikia kiasi cha mistari 500, na VHS kiasi cha 240 tu. Lesi ya gauni la bibi harusi, ambayo mshoni aliihangaikia, hugeuka kuwa shuka jeupe. Rangi ndiyo huumia zaidi, kwani waliobuni VHS, ili kuibana picha iingie katika utepe, waliipunguza rangi mpaka ikabaki kiasi cha mistari 40 kwa upana. Jicho la binadamu husamehe mengi katika rangi, nao walilitegemea hilo. Lakini nyekundu haisameheki kwa urahisi, na sherehe zetu zina nyekundu nyingi.

Na kuna jambo ambalo mwandishi huyu anaona halikupewa uzito wa kutosha. Chenga huonekana zaidi penye giza kuliko penye mwanga. Katika ukumbi wenye taa mbili za jenereta, bibi harusi aliyemulikwa na taa ya kamera huonekana vizuri. Mzee mweusi aliyekaa kwenye kona, amevaa koti la rangi ya giza, ndiye humezwa na chenga. Kwa hiyo wanaopotea kwanza katika kanda ni walewale ambao familia huwatafuta baada ya miaka ishirini.

Njia ya kuhamisha nayo ilikuwa na uzito wake. Wako waliounganisha kwa waya wa antena, njia mbaya kuliko zote, kwa maana picha na sauti husongwa pamoja kana kwamba zinatoka kituoni. Wengi walitumia waya wa njano, ambao hubeba mwanga na rangi pamoja, vikavurugana kidogo. Waya wa S-Video huvitenganisha, lakini deki nyingi za nyumbani hazikuwa na tundu lake. Halafu ilikuwapo tamaa ya kubana matumizi: deki ikiwekwa katika mwendo wa LP, kanda ya saa tatu hubeba saa sita, na picha hulipa gharama.

Baya zaidi ni nakala ya nakala. Shangazi wa Kasulu anataka yake, mjomba wa Kigoma mjini naye yake. Kanda inaazimwa, deki mbili zinaunganishwa, na kila mmoja anapata kilichobaki cha mwenzake. Ndivyo zilivyosambaa pia filamu katika vibanda vya video, zikiwamo zile zilizosimuliwa kwa Kiswahili na Lufufu, ambazo watazamaji walizipenda kwa sauti yake hata pale picha ilipokuwa imechoka kabisa.

Je, dawa ilikuwapo? Ilikuwapo: kuihifadhi kanda mama, yaani ile ndogo ya kamera, na kutoa kila nakala kutoka kwake. Kwa waya wa FireWire ungeweza hata kuihamishia katika kompyuta, nambari kwa nambari, bila kupoteza chochote. Lakini kanda ndogo ilikuwa na bei, na mpiga picha alikuwa na harusi nyingine Jumamosi inayofuata. Mara nyingi alirekodi juu yake. Hatuwezi kumhukumu kwa biashara yake. Hata hivyo si kila mmoja alifuta, na baadhi wanazo bado katika maboksi.

Kwa hiyo, msomaji, anza kwa kumtafuta aliyepiga. Ikiwa kanda ndogo ipo, utahitaji kamera ya mtindo uleule ya kuisoma, na hizo zinazidi kuadimika. Ikiwa haipo, tafuta katika ukoo ni nani alipewa kanda ya kwanza. Weka nakala zote katika deki moja, mojamoja, utazame sehemu ileile, hasa penye giza. Yenye chenga chache ndiyo ya kuokoa. Usikawie: kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016, na deki zilizopo ni za kurithi.

Kabla ya kuicheza kanda iliyokaa miaka mingi, itazame kupitia kidirisha chake. Ukiona unga mweupe juu ya utepe, hiyo ni kuvu. Usiitie katika deki, kwani itachafua vichwa vyake na pengine utepe kukatika. Mpelekee fundi. Iliyo salama, ipeleke mbele hadi mwisho, irudishe, ndipo uirekodi katika kompyuta. Usitarajie kompyuta irudishe lesi ya gauni. Kilichopotea mwaka 2003 hakirudi. Itazuia tu upotevu usiendelee.

Tahadhari moja zaidi. Faili la dijitali nalo hupungua likibanwa upya. Video iliyotumwa kwa WhatsApp hubanwa ili ipite kwa wepesi, na aliyeipokea akiituma katika kundi jingine aweza kuwa anatuma kitu kilichokwisha punguzwa. Tuma, watu wafurahi. Lakini faili la kwanza libaki katika kompyuta, na nakala yake katika diski iliyo nyumba nyingine. Na ile kanda nyeusi usiitupe. Upande wake wa mgongo kuna kibanzi kidogo cha plastiki. Kivunje leo, ili pasiwe na mtoto atakayebonyeza kitufe chekundu akarekodi juu ya bibi.