Waya wa Spika na Kanga Iliyotundikwa (Sehemu ya 2)

Wiki iliyopita tulipiga hesabu: waya wa shaba wenye unene wa milimita 1.5 za mraba, ukivutwa mita 10 kwenda na 10 kurudi, una ukinzani wa takribani ohm 0.23. Kwenye spika ya ohm 8, sauti hupungua robo desibeli tu. Wapo walionijibu kwamba hesabu ni hesabu, lakini wao wanaisikia tofauti ya waya mnene na mwembamba. Basi tuliulize sikio, macho yakae kando.

Sisi wa Korogwe tunaujua upimaji wa namna hiyo. Mwaka 2007, watoto 894 wa hapa na wa Kilifi, wenye miezi 5 hadi 17, walichanjwa: wengine chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, wengine ya kichaa cha mbwa. Mama hakujua mwanawe kapata ipi, wala mtabibu aliyempima homa hakujua. Mama akijua mtoto ana kinga anaweza kulegeza chandarua. Kwa waliopata RTS,S malaria ilipungua kwa asilimia 53, na matokeo hayo yakaaminika.

Hapa Lutindi tulitundika kanga mbele ya amplifaya ya fundi redio. Kwanza tulisawazisha sauti kwa voltimita, maana sikio huidhania sauti kubwa kuwa ndiyo nzuri. Nyuma ya kanga, kijana alirusha sarafu ya mia: Nyerere, waya mnene, swala, mwembamba. Akishaunganisha, anatokea mlango wa uani bila neno, fundi ndipo anaingia kusikiliza.

Je, ni haki? Kwa raundi 16, anayebahatisha hupatia 12 au zaidi kwa nafasi isiyofika 4 katika 100. Hapo mdanganyifu kabanwa. Lakini mwenye sikio la kweli, anayepatia mara 7 kati ya 10, naye ataikosa hiyo 12 zaidi ya nusu ya majaribio! Kwa hiyo akishindwa, mimi sikubali aambiwe tofauti haipo, aambiwe haijaonekana. Kasoro hiyo haitokani na kanga. Inatokana na uchache wa raundi, na ndiyo maana chanjo haikupimwa kwa watoto ishirini.

Fundi ameomba raundi 50, siku tatu, na kanda ya kwaya aliyoizoea miaka mingi. Tumemkubalia yote.