Baiskeli ya Mtumba: Ipande Kwanza, Halafu Ndio Utume Pesa

Mmekuwa mkituuliza kuhusu kununua vitu vya mkono wa pili kwa simu. Leo tuongee baiskeli, na tutawasimulia ya mteja wetu mmoja wa Majengo, Nyeri, dada anayesambaza mahamri kwenye vibanda asubuhi. Nauli ya bodaboda ilikuwa inakula faida yake yote.

Ya kwanza aliiona kwenye picha ya WhatsApp. Safi kabisa, gia 21, bei ya kutupa. Muuzaji akadai yuko Nairobi, atumiwe shilingi 1,500 za kuishikilia, kisha ataipakia kwa matatu jioni. Dada alipoweka nambari, simu ikamwonyesha jina lingine kabisa. Akaghairi papo hapo. Jina linalotokea kabla hujathibitisha si pambo, lisome lote. Na pesa za kushikilia kitu ambacho hujakigusa usitume, hata ukiambiwa kuna wanunuzi watatu wako njiani.

Ya pili aliipata mtaani kwao, kwa mzee anayetengeneza baiskeli. Rangi imechubuka, kiti kimepasuka. "Ipande kwanza, binti yangu," mzee akamwambia, "mambo ya pesa baadaye." Akazunguka nayo. Wakainua gurudumu la mbele wakalizungusha waone kama rimu inayumba, wakabana breki, wakakagua fremu kwenye maungio kama ina ufa. Mwisho wakaipindua, wakasoma nambari iliyogongwa chini ya fremu, pale pedali zinaposhikana.

Nambari hiyo ina uzito. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinasema ukipokea mali ya wizi ukijua, au ukiwa na sababu ya kuamini hivyo, unaweza kufungwa hadi miaka 14. Kwa hivyo andikianeni karatasi: majina, nambari za vitambulisho, nambari ya fremu, bei, na ile kodi ya muamala iliyo kwenye ujumbe. Tuma kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la muuzaji mwenyewe. Ujumbe usiufute, polisi wakikuuliza, huo ndio risiti yako.

Alilipa 6,500. Angeweza kupata Black Mamba kwa bei nafuu, lakini ile ni chuma kizito cha gia moja. Inafaa sehemu tambarare. Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ni mlima baada ya mlima.

Hata na gia, wiki ya kwanza alisukuma kuliko kuendesha. Kwenda King'ong'o unateremka hadi mto Chania, halafu ng'ambo mapaja yanawaka moto. Na Julai, kukiwa na manyunyu na ukungu, breki zilizolowa zinachelewa kushika, kwa hivyo unaanza kuzibana mapema.

Siku moja akagundua amefika juu bila kushuka. Siku hizi, Jumapili, anatoka alfajiri kuelekea Kiganjo bila mzigo wowote, aone Mlima Kenya kabla mawingu hayajaufunika. Tulimuuliza anaenda kufanya nini huko. Akacheka: "Kuendesha tu."

Kiti kipya hajanunua. Anasema kile kilichopasuka kimeshamzoea.