Msumeno wa Umeme Nyumbani: Upi Ununuliwe Kwanza?

Askari anayekaribia kustaafu, pamoja na mkewe, huanza mapema kutafakari kazi itakayoilisha nyumba baada ya magwanda kuvuliwa. Useremala ni mojawapo ya kazi hizo, kwa kuwa vitanda, madawati na milango havikosi wanunuzi. Hapo ndipo akiba ya miaka mingi, au mkopo wa chama cha akiba, huelekezwa kwenye msumeno wa umeme. Mara nyingi hununuliwa ule mkubwa wa meza, kwa sababu unapendeza machoni, kabla haijajulikana utakata nini.

Kwa karakana ya nyumbani ni heri kuanza na msumeno wa mkononi wenye diski ya duara, ya kipenyo cha milimita 185 au 190. Mbao ya inchi mbili haiushindi. Asili yake ni mashamba ya miwa: katika miaka ya 1920 huko Marekani, Edmond Michel alifunga mota kwenye panga akitaka kurahisisha ukataji wa miwa, na kutokana na jaribio hilo ukapatikana msumeno wa mkononi wa kukatia mbao. Mkata miwa wa Kakira pengine hajui kwamba panga lake lina ujamaa na chombo cha seremala.

Msumeno wa meza unafaa zaidi kupasua mbao kwa urefu wake. Lakini mwenye kutengeneza vitanda viwili au vitatu kwa mwezi hana sababu ya kuzifunga fedha zake humo. Ndeeba, jijini Kampala, mbao hununuliwa na kupasuliwa kwa malipo, na wenye mashine hupatikana katika miji mingine pia. Zikifika nyumbani zimekwisha kunyooshwa, msumeno wa mkononi hutosha kuzikata kwa kipimo. Ule mdogo wenye ulimi mwembamba unaopanda na kushuka, utumikao kwa mapindo kama ya mgongo wa kiti, waweza kungoja.

Kabla ya kutoa fedha, mnunuzi asome kibati kilichobandikwa kwenye mota. Umeme wa Uganda ni wa volti 240. Msumeno uliotengenezwa kwa ajili ya Marekani hutumia volti 120, nao ukichomekwa ukutani huungua mara moja. Hata mitumba kutoka Uingereza yahitaji jicho la hadhari: vyombo vingi vya mafundi ujenzi wa huko ni vya volti 110, na hutambulikana kwa plagi yake ya manjano. Muuzaji akikata plagi hiyo na kufunga ya kawaida, dalili imepotea, lakini volti ni zile zile. Msumeno wa betri ni mwepesi na haubughudhiwi na kukatika kwa umeme. Ila betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii katika chombo cha nyingine, nayo ni ghali.

Diski nayo ichaguliwe kwa kazi. Yenye meno machache, kama 24, hufaa kwa kupasua. Yenye 40 au zaidi hukata mbao kwa upana, na plaiwudi, bila kuichana. Mbao ikitoa moshi, mara nyingi diski ni butu.

Diski ya milimita 185 ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, meno yake huenda kwa mwendo wa zaidi ya kilomita 170 kwa saa. Hatari kubwa ni diski kubanwa. Mbao ikiegemezwa ncha mbili tu na kukatwa katikati, hulegea, mkato hujifunga, nao msumeno huruka nyuma kumwelekea mwenye kuushika. Kwa hiyo mbao ishikizwe barabara kwa vibanio, kipande kinachokatwa kiachwe kianguke kwa uhuru, na mkataji asimame upande, si nyuma ya mstari wa diski. Kina kirekebishwe ili meno yatokeze chini ya mbao milimita 6 tu hivi.

Katika msumeno wa meza, ni mbao inayotupwa. Kisu chembamba kilicho nyuma ya diski huuzuia mkato usijifunge, na msumeno usio nacho usinunuliwe hata kwa nusu bei. Huko Marekani, ambako misumeno hiyo ni mingi majumbani, serikali imekadiria kuwa zaidi ya watu 30,000 hutibiwa kila mwaka kwa majeraha yake.

Wapo mafundi wafungao kikinga cha diski kwa waya ili kisiwasumbue. Askari aliyefundishwa kutoa risasi kabla ya kusafisha bunduki hapaswi kuiga jambo hilo. Vivyo hivyo, diski isibadilishwe kabla ya plagi kuchomolewa. Kuzima swichi hakutoshi.

Glavu zisivaliwe, kwani diski huzinasa na kuuvuta mkono. Mshipi wa gomesi na ncha za leso ni hatari ile ile, na mama mwenye kukata mbao avae nguo ya kubana. Miwani na vizibo vya masikio ni vya lazima. Vumbi la mvule huwasha ngozi na kubana pumzi; tena mwaka 1995 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani waliliweka vumbi la mbao miongoni mwa visababishi vya saratani. Barakoa ivaliwe, na kazi ifanyike penye hewa, mbali na chumba walalamo watoto.

Kidole kikikatika, jeraha likandamizwe kwa kitambaa safi na mkono uinuliwe. Kidole chenyewe kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu, kitiwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na mfuko huo uwekwe juu ya maji yenye barafu. Kisigusane na barafu yenyewe. Majeruhi na kidole chake wafikishwe hospitali kubwa bila kungoja asubuhi.