Bunduki Mpya ya Kulinda Shamba: Kuiosha na Kuipaka Mafuta

Wakulima wenzangu wa Pweto,

Mahindi yakianza kukomaa, nguruwe wa pori nao wajua. Hutoka usiku, na kazi ya miezi minne yaweza kuisha usiku mmoja. Ndiyo sababu wengi wetu hutoa feza nyingi kununua bunduki ya fataki, ile inayoshindiliwa kwa mdomo. Lakini wengi huidhani ni sawa na jembe: ukiisha kulinunua, ni kulitumia tu. Sivyo. Bunduki mpya huharibika katika siku zake za kwanza, na kinachoiharibu si kupigwa, bali ni kulazwa chafu.

Nitawaambia jambo nililoliona kwa macho yangu. Baba mmoja, mwenye shamba karibu na mto Luvua, alinunua bunduki mpya. Aliipiga mara mbili kuijaribu, akafurahi. Akaipaka mafuta ya mawese kwa nje mpaka ikang'aa, akaitundika ukutani. Majuma mawili yakapita, nguruwe wakaja. Akaishindilia, akafyatua: fataki ikalia, bunduki ikanyamaza. Akatia fataki nyingine: vilevile. Asubuhi fundi alipokifungua kifa, tundu lake lilikuwa limezibwa na masizi na kutu. Nusu ya shamba ilikuwa imelala chini, na mwaka ule watoto wake walikula muhogo mtupu.

Sababu yake ni nini? Baruti nyeusi ikiungua haiishi yote. Zaidi ya nusu ya uzito wake hubaki kuwa moshi na masizi. Masizi hayo yana chumvi zinazovuta maji ya hewa, nasi tunakaa kando ya ziwa Mweru, ambako hewa ya masika ina unyevu mwingi. Ukilala bila kuiosha, kesho kutu imeanza. Tena mafuta hayayeyushi masizi haya. Huyafunika tu, na kutu hula chuma chini yake. Kinachoyayeyusha ni maji. Basi shikeni neno hili: maji kwanza, mafuta baadaye.

Siku ya kuinunua, fanyeni hivi:

1. Hakikisha kwamba ni tupu. Ingiza mdeki mpaka chini, ukate alama ndogo penye mdomo wa mtutu. Tangu siku hiyo, kila ushikapo bunduki, ingiza mdeki. Alama ikisimama juu ya mdomo, kuna kitu ndani. Watu wengi wameuawa na bunduki iliyoitwa tupu.

2. Tazama mtutu wote. Ukiona ufa, au mahali palipovimba, usiipige. Irudishe kwa fundi.

3. Futa mafuta mazito ya fundi kwa kitambaa kikavu, ndani na nje. Mafuta yakibaki ndani hulowesha baruti.

4. Tia tone moja la mafuta mepesi ya mashini penye kila kiungo cha mtambo. Tone moja latosha. Mafuta mengi hushika vumbi, na vumbi na mafuta husaga chuma kama msasa.

Kabla ya kuishindilia, elekeza mdomo wa bunduki karibu na jani kavu, ufyatue fataki tupu. Jani likitikisika, njia ni wazi. Jani likitulia, tundu la kifa limeziba, lisafishe kwanza. Kama baba yule angalifanya hivi, angaliyaokoa mahindi yake.

Jioni ya siku uliyoipiga, usingoje kesho. Ingiza mdeki kwanza. Kisha fungua kifa, mimina maji ya moto ndani ya mtutu, sugua kwa kitambaa kilichofungwa kwenye mdeki, na urudie mpaka maji yatoke safi. Maji yawe ya moto sana, maana chuma chenye joto hujikausha upesi. Pitisha vitambaa vikavu, na mwisho kitambaa chenye mafuta kidogo. Kesho yake tazama tena. Kitambaa kikitoka chekundu, rudia.

Katika majuma ya kwanza uuangalie mtambo hasa. Vyuma vipya husuguana na kutoa unga mweusi. Ufute, utie tone jipya. Misumari ya parafujo nayo hulegea kwa kishindo. Ikaze pole pole.

Mafuta ya mashini yakikosekana, yeyusha mafuta ya ng'ombe au ya kondoo yasiyotiwa chumvi, uchanganye na nta ya nyuki kidogo. Mafuta ya mawese yakikaa huchacha na kunata. Yaache yawe ya mboga.

Msiige bunduki za askari. Bunduki ijipakiayo yenyewe, kama ile iliyotoka kiwanda cha FN cha Herstal, Ubelgiji, mwaka 1949, hutumia baruti nyingine, isiyo na moshi mwingi. Usifungue kartushi yake ukatia baruti hiyo katika bunduki ya kushindilia. Mtutu utapasuka mikononi mwako.

Bunduki ikikataa kulia, usiitazame mdomoni. Ielekeze mahali pasipo mtu, ngoja kitambo kirefu, ndipo utie fataki nyingine. Wala usimpige kiboko au tembo kwa bunduki hii. Akijeruhiwa hugeuka muuaji. Kibali chako nacho kiwe nyumbani, kwa kuwa sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985 yakitaka.

Kuosha bunduki ni kazi ya muda mfupi tu, na maji ya moto hayana bei. Bali shamba lililoliwa halirudi mpaka masika mengine.