Kerezo dogo na kompyuta: mambo ya kupima kabla ya kuchangia



Katika karakana za ufundi kando ya Ziwa Tanganyika, ombi moja limeanza kurudi mara kwa mara: vijana wanataka kerezo linaloendeshwa na kompyuta. Jipya ni ghali mno kwa parokia. Lakini kerezo dogo la mkono linaweza kugeuzwa papo hapo karakanani, hata nyumbani kwa fundi. Makala hii inaeleza kazi hiyo hufanyikaje, na nini kamati ipime kabla ya kutoa fedha za waamini.

Kerezo hufanya nini?

Kerezo huzungusha kipande cha chuma, shaba au mbao, na kisu kilichokazwa hukikata taratibu hadi kipate umbo. Shafti ya pangaboi la boti, bushi ya mashine ya kusaga, pini ya pampu ya kisima: vyote hupita hapo. Fundi akikosekana Kigoma au Ujiji, kipuri husubiriwa kutoka mbali, na boti hukaa ufukweni wakati nyingine zinavua dagaa.

Kwenye kerezo la mkono, fundi huzungusha magurudumu mawili madogo. Moja husogeza kisu kwa urefu wa kipande, jingine huingiza kisu ndani. Kuligeuza maana yake ni kuweka mota mbili mahali pa mikono hiyo miwili. Wazo hili si jipya. Mwaka 1952 chuo cha MIT, Marekani, kilionyesha mashine ya kukata chuma iliyofuata maelekezo yaliyotobolewa kwenye mkanda wa karatasi. Siku hizi kompyuta ya kawaida inatosha, na programu ya LinuxCNC inayofanya kazi hiyo hutolewa bure.

Vifaa vinavyohitajika

Mota zinazotumika huitwa mota za hatua, kwa sababu huzunguka kidogo kidogo kwa kuhesabu. Nyingi hupiga hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Kama skrubu ya kerezo husogeza kisu milimita 2 kwa kila mzunguko, basi hatua moja ni milimita 0.01. Kisu kikiingia kiasi hicho, unene wa kipande hupungua milimita 0.02, kwa kuwa hukatwa kuzunguka pande zote.

Nchini Togo, mwaka 2013, mbunifu Kodjo Afate Gnikou alitengeneza printa ya vitu vya plastiki kwa kutumia taka za kompyuta. Mfano huo unatia moyo, lakini tusidanganyike: mota ndogo ya printa chakavu husukuma plastiki, haiwezi kusukuma kisu kwenye chuma. Mota ikizidiwa huruka hatua, na kompyuta haijui. Huendelea kuhesabu kana kwamba yote ni sawa, na kipande huharibika.

Pamoja na mota huhitajika vifaa vya kuziendesha, chanzo cha umeme wake, na kihisi cha kuhesabu mizunguko ya kerezo. Bila kihisi hicho nyuzi za skrubu hazikatiki vizuri, maana kila mara kisu hakina budi kuanzia mahali pale pale.

Jambo linalosahaulika ni mchezo, ambao mafundi huuita pley. Skrubu ikilika, gurudumu huzunguka kidogo kabla kisu hakijasogea. Fundi mzoefu huhisi jambo hilo mkononi na kulifidia. Mota haihisi. Kerezo lenye pley ya milimita 0.2 halitakuwa sahihi kwa sababu tu limefungiwa kompyuta. Kwa hiyo matengenezo ya skrubu na beringi hutangulia.

Umeme na usalama

Kwa miaka mingi mji wa Kigoma ulitegemea majenereta ya dizeli, na wenyeji wanajua umeme kukatika ni nini. Wengine hushauri kuweka betri ya akiba kwenye kompyuta. Hiyo peke yake ni hatari: kompyuta huendelea kutoa amri wakati mota zimesimama. Ni lazima vyote visimame pamoja, na umeme ukirudi mashine isiwake yenyewe mpaka mtu abonyeze kitufe. Swichi ya dharura iwe karibu na mkono, na kizuizi kifunike sehemu inayozunguka. Kisu cha kerezo la mkono huacha kusogea fundi akiachia gurudumu, ingawa kipande huendelea kuzunguka, lakini kisu cha kompyuta hakioni kidole. Glavu, mikono mirefu ya nguo na nywele zisizofungwa ni marufuku.

Je, parokia igeuze?

Maoni yetu ni haya. Kama kazi nyingi ni kutengeneza kipuri kimoja kilichovunjika, mkono wa fundi huwa wa haraka kuliko kuandika maelekezo ya kompyuta. Kama kuna oda ya bushi 50 zinazofanana, au lengo ni kuwaandaa vijana kwa ajira za viwandani, kugeuza kuna maana. Hata hivyo kijana ajifunze kwanza kukereza kwa mkono, na magurudumu yasiondolewe, ili siku kompyuta ikifa kazi isife.

Kamati iulize: Nani atalitengeneza likiharibika? Pley imepimwa? Nani ataleta oda? Fedha za vipuri zimetengwa?

Meli ya Liemba inatufundisha. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikaletwa kwa makasha na kuunganishwa upya Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha, lakini kwanza mafundi wake waliipaka mitambo grisi nzito. Iliibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Haikuokolewa na mtambo mpya, bali na watu waliojua kuutunza ule waliokuwa nao.

Wafadhili wapendwa, mkichangia mota, changieni pia mafunzo ya fundi.