Nywele Fupi za Vijana Wetu

Siku hizi ugomvi mwingi wa nyumbani huanzia kichwani mwa kijana. Atoka kwa kinyozi na mtindo mpya, baba amtazama, na mara chakula cha jioni chaliwa kwa maneno makali. Shuleni nako mwalimu amngoja langoni, mkasi mkononi. Kwa sababu hii twapenda kuwaeleza wazazi na waalimu jinsi nywele fupi zifaavyo kukatwa, na jinsi zisivyofaa.

Kwanza tusidhani kwamba mitindo imezuka leo. Wazee wa pwani walijua kukata denge, yaani kunyoa kichwa pande zote na kubakiza fungu la nywele utosini. Kwa Wamaasai, morani hufuga nywele ndefu na kuzipaka mafuta na udongo mwekundu. Hata sherehe ya Eunoto ikifika, mama yake humnyoa, watu wote wajue ya kuwa mwanawe ameingia daraja nyingine. Basi kijana wa leo atakaye kiduku, ule ukanda wa nywele katikati ya kichwa na pande mbili zimenyolewa, hakuanzisha jambo geni. Ataka umri wake uonekane, kama walivyotaka vijana waliomtangulia. Kutaka huko si uasi.

Hata hivyo nywele fupi zina faida zake. Huoshwa upesi, hukauka upesi, hazili mafuta mengi wala fedha nyingi, na ugonjwa wa ngozi ya kichwa huonekana mapema. Mashine ya kunyolea huvikwa kitana chenye nambari: nambari 1 hubakiza nywele za milimita 3 hivi, nambari 2 milimita 6, na nambari 4 milimita 13. Nywele za mtu humea kama sentimeta 1 kwa mwezi. Kwa hiyo mwanafunzi aliyekatwa nambari 2, awe mvulana au msichana, aweza kukaa wiki tatu au nne kabla ya kurudi kwa kinyozi. Akipenda, pande zikatwe nambari 1 na juu nambari 2, bila mstari wala pengo. Atapendeza, wala hatavunja kanuni za shule nyingi.

Kunyoa mpaka ngozi ing'ae kuna hatari zake. Nywele zetu ni za kujikunja. Zikikatwa karibu mno na ngozi, ncha zake hugeuka zikachoma ngozi na kuingia ndani. Ndipo vitokeapo vipele vya kisogoni, ambavyo vikikaa sana huwa makovu magumu. Mwenye vipele hivyo asipitishe wembe kisogoni, bali aache nywele kidogo. Tena wembe ni wa mtu mmoja. Virusi vya homa ya ini ya aina B vyaweza kuishi nje ya mwili muda wa siku 7 au zaidi, na chembe ya damu isiyoonekana kwa macho yatosha kuvipeleka kwa mwingine.

Mapunye nayo huenea kwa mashine, vitana, kofia na taulo. Mkiona kichwani mwa mtoto mabaka ya mviringo yenye magamba na nywele zilizokatika, msiridhike na kupaka marhamu tu, maana mzizi wake umo ndani ya nywele. Mpelekeni zahanati apewe dawa ya kumeza, nayo huliwa wiki nyingi mpaka imalizike. Mchagueni kinyozi apigaye brashi meno ya mashine na kuyapangusa kwa spiriti kabla ya kila kichwa. Asipofanya hivyo, mwambieni kwa adabu, au mwende kwingine.

Sasa twasema na waalimu wenzetu. Shule nyingi za Kenya na Tanzania zataka wanafunzi wote wawe na nywele fupi. Kanuni hiyo yafaa, kwa kuwa mtoto wa tajiri na wa maskini huonekana sawa. Lakini wako wapitishao mkasi katikati ya kichwa cha mtoto mbele ya wenzake, wakaacha njia, kisha wamrudisha kwao hivyo. Mnakumbuka jinsi Hanuni, mfalme wa Waamoni, alivyowanyoa watumishi wa Daudi nusu ya ndevu zao. Daudi aliwaambia wakae Yeriko mpaka ndevu zimee, maana walikuwa wametahayari sana. Wanafunzi wetu hawana Yeriko ya kujificha. Kesho yake hawana budi kuketi darasani. Na mkasi ule ule ukipita kichwa hata kichwa huchukua mapunye pamoja nao.

Tena kanuni isiguse dhamiri ya mtu. Mwezi wa Septemba 2019, Mahakama Kuu ya Kenya huko Nairobi iliamua kwamba haikuwa haki kumzuia shule msichana wa Kirasta kwa ajili ya nywele zake, maana zilikuwa za imani yake.

Wahenga walisema, Ukiona mwenzio anyolewa, wewe tia maji. Basi wazazi, msingoje siku ya kufungua shule. Wiki moja kabla yake isomeni kanuni pamoja na mtoto, kisha mwacheni achague mwenyewe ndani ya mipaka yake. Wakati wa likizo mlegezeeni kidogo. Nanyi waalimu, mkimwona mwenye nywele ndefu, mpeni siku tatu na barua ya kumpelekea mzazi, bila kumtangaza mbele ya watu. Nywele zilizokatwa vibaya zitamea tena mwezi ujao, lakini mtoto aliyeaibishwa mbele ya wenzake hukumbuka miaka mingi mkono uliomshika.